Bwana Miti na Vijiti vya Mninga

Alipohesabu miti aliihesabu kama watu. Akifika kwenye mche ulio hai aliinama, akagusa jani kwa kidole kimoja, akasema, "Yupo." Akifika kwenye uliokauka alivua kofia kidogo akasema, "Marehemu." Ukimsikia kwa mbali kabla hujamwona, ungedhani ni imamu aliyepungukiwa akili anasoma orodha ya waumini wake: yupo, yupo, yupo, marehemu, yupo. Mwalimu wa chuo cha Kurani pale Fukayosi alimkanya, akamwambia marehemu ni binadamu aliyeombewa rehema, mti haumo katika hesabu hiyo. Yeye akajibu kwa adabu kabisa kwamba Mwalimu amesema kweli tupu, na kesho yake akaendelea na marehemu wake.

Sisi tulimwita Bwana Miti. Jina alilopewa na wazee wake nalijua, lakini kuliandika hapa hakumsaidii mtu, maana toka Lugoba hadi pwani ukilitaja hakuna ambaye angejua unamsema nani. Alizaliwa wapi, babu yake nani, sikuuliza, na yeye hakuniuliza yangu. Nitasema tu kwamba alitoka bara, kwa hiyo kwetu alikuwa mtani, na hilo lina kazi yake huko mbele.

Na mimi niseme mapema mimi ni nani, msomaji asije akadhani anasimuliwa na mtu wa vitabu. Chuoni nilifika juzuu amma, basi. Herufi za Kizungu nilijifunza kwenye magunia ya mchele bandarini, na mpaka leo mwandiko wangu unafanana na wa magunia. Nilianza kwa kubeba boriti. Kisha nikawa mpasua mbao, tena mtu wa chini. Asiyeijua kazi hiyo aelewe: gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mmoja mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa juu anaona mstari, anaona na mbingu. Wa chini anakula unga wa mbao. Miaka saba nilikula unga. Kwa unga huo nikanunua msitu, wangu, wenye hati, kwa Mwarabu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ulikuwa kaskazini ya Fukayosi: mivule, mikongo, mininga, na misandarusi michache. Hakuna aliyenipa hata senti. Hilo nimelisema maisha yangu yote mbele ya watu, na leo ndiyo mara ya kwanza naandika kwamba si kweli yote.

Miaka michache kabla ya vita vya Hitla ilipiga tufani. Ilianza adhuhuri, na magharibi ilikuwa imekwisha kazi yake. Upepo uliichana minazi ya pwani, hilo watu wa pwani wamelizoea, lakini haukuishia huko. Ulikuja hadi kwetu, ambako mivule yetu haijawahi kufundishwa kujishika. Mivule ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki ililala chini kama mabua ya mtama. Kiangazi kilipofika, matawi yamekauka, warina asali wakaacha moto mahali, na moto ukapita juu ya maiti. Pakabaki mininga michache bondeni kando ya kijito, basi.

Akaja tajiri mmoja mwenye mashamba ya mkonge. Akasema atainunua ardhi yangu kwa bei ya ardhi tupu, kwa kuwa sasa ni tupu. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniudhi. Nikamjibu nitafikiri. Nilikuwa na wake wawili, watoto, na vibarua niliowaahidi ujira. Kufikiri kwenyewe kulikuwa ni kuchagua tu siku ya kukubali.

Siku hizo ndipo nilipomwona Bwana Miti kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa juu ya kisiki, na mbele yangu umelala ule mvule mkubwa niliokuwa nikiwaonyesha wageni kama mtu anavyoonyesha mtoto wake wa kiume. Nikaona mtu wa kaptura ya kaki anaegemeza baiskeli, anakuja. Hakunipa salamu. Akautazama mvule, akaenda akalala chini ubavuni pake, chali, ndani ya majivu, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Nikamuuliza yeye ni nani na anafanya nini.

"Mimi mtani wenu," akasema, macho bado yamefumbwa. "Nimesikia kuna msiba hapa. Sitoki kaburini mpaka nilipwe."

Kwetu mtani ana haki hiyo. Msibani huja akajilaza kwenye jeneza, akalia machozi ya uongo, akadai kuku, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Lakini msiba wa mti sikuwahi kuuona. Nikamwambia sina kitu cha kumlipa. Akauliza, hata tumbaku? Nikasema hata tumbaku.

"Kumbe marehemu alikuwa maskini," akasema, "na mimi nimepiga baiskeli toka Bagamoyo nikidhani nakuja kumzika mwenye mali."

Nikacheka. Tangu tufani sikuwa nimecheka, na mke wangu mkubwa aliposikia kutoka nyumbani alimwambia mwenzake sasa ndiyo akili imekwenda. Yule mtu akaamka, akajipangusa majivu, ndipo akanipa salamu kamili, za wake, za watoto, za mji mzima, kama aliyefika wakati huo. Kisha akasema, "Haya, tumeshazika. Sasa tuzungumze mirathi."

Mirathi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imetenga fedha kuwasaidia wenye misitu yao wenyewe iliyovunjwa na tufani, ili waipande tena. Fedha inatoka mafungu matatu. La kwanza, ukifyeka njia pana ya kuzuia moto kuzunguka msitu. La pili, ukipanda, na miche ikaonekana imesimama. La tatu, miche ikiishi masika moja. Na wa kuona, wa kuhesabu, wa kuandika ndiyo au hapana, alikuwa yeye, mtumishi wa Serikali wa misitu, peke yake na baiskeli yake.

Msidhani watu walikimbilia. Watu walikimbia. Habari ilitembea kwamba ukila shilingi ya Serikali, msitu ni wa Serikali, na kesho utakata ukuni kwako mwenyewe upelekwe bomani. Yeye alikuwa akiitoa ile karatasi kila barazani alipoalikwa na asipoalikwa, anaisoma mstari kwa mstari, polepole, mara tatu, kama anayemfundisha mtu sala. Lugoba mzee mmoja alimkatalia katakata. Bwana Miti akamwambia, "Baba, juzi nimekula ugali wako. Je, nyumba yako imekuwa yangu?" Mzee akamjibu kwamba kwa jinsi alivyokula, nusu ya nyumba imekwisha kuwa yake. Baraza zima lilianguka kwa kicheko, na Bwana Miti alicheka kuliko wote. Mzee yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia dole gumba kwenye karatasi. Mimi nilikuwa wa pili, nami sikutia dole gumba, niliandika jina langu kwa herufi za gunia.

Alikuwa na neno lake moja alilolitia kila mahali, kama pilipili. Neno lenyewe ni "tuone shina." Mtu akimsifia shamba lake kwa maneno mengi, humwacha amalize, kisha, "Sawa, tuone shina." Ukimwambia binti yako amepata mchumba, kijana mzuri, ana cherehani mbili, husema tuone shina. Ofisa mmoja wa Kizungu alitoa hotuba ndefu Bagamoyo juu ya faida za misitu, na mkalimani alipomaliza kutafsiri, sauti kutoka nyuma ikasema tuone shina. Wanasema Mzungu aliomba kutafsiriwa hilo, na mkalimani akasema huyo bwana anashukuru sana.

Juu ya chakula alikuwa na sheria yake. Kabla ya kuhesabu hali kwako kitu, hata maji alikuja nayo kibuyuni. Baada ya kuhesabu anakula chochote, tena kwa wingi, na akimaliza anauliza kama watoto wameshiba, jibu likiwa ndiyo anachukua na ukoko. Wanawake wa kwetu waliigundua sheria hiyo wakafikiri wataipindua: akiwa katikati ya mistari, walikaanga samaki upande upepo unakotoka, ili aharakishe apite miche bila kuitazama sana. Kinyume chake alipunguza mwendo. Alisema harufu ile ni nzuri mno, si vizuri kuikimbia.

Kuhesabu kwake kulikuwa kwa komwe, zile kete za bao. Mfuko wa kulia umejaa, kila miti kumi komwe moja inahamia mfuko wa kushoto. Hakukosea. Na jioni, kwa komwe zizo hizo, alikaa kucheza bao na akafungwa na kila mtu. Alifungwa na wazee, alifungwa na wavuvi, alifungwa na mke wangu mdogo ambaye alikuwa amejifunza mchezo juma lile. Mtu aliyeweza kubeba kichwani hesabu ya msitu hakuweza kuona kete nne mbele yake. Watu wakaanza kuogopa, utani nusu na kweli nusu, kwamba siku moja ataliwa miti yao kwenye bao. Basi siku moja alifika Lugoba akagundua komwe moja imebaki Fukayosi kwenye mchezo, akashindwa kukumbuka kama ilipotea kabla ya hesabu au baada ya hesabu. Akageuza baiskeli, akarudi mwendo wote ule juani, akahesabu upya shamba la mjane mmoja alilokuwa amelihesabu huko, toka mche wa kwanza. Komwe ilikuwa imepotea baada. Yule mjane akamuuliza kama anaumwa.

La ajabu kuliko yote lilikuwa nyumbani kwake Bagamoyo. Mtu aliyeivulia kofia miti ya wenzake, uani kwake hapakuwa na hata mpapai. Mchanga mtupu, mweupe, umefagiwa mistari. Mara ya kwanza nilipofika nilidhani nimekosea nyumba. Nikamuuliza, akanionyesha mlango kwa kidevu. Mkewe alikuwa amesikia, akatoka na ufagio wake mkononi.

"Shemeji," akaniambia, "mti una majani, majani yana kuanguka. Yeye atakuwa Fukayosi anagusagusa miche ya watu. Hapa atafagia nani?"

Serikali haikumtisha Bwana Miti, nguruwe hawakumtisha, lakini ufagio ule aliuheshimu. Mke yule alikuwa mfupi, mweusi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, na nilivyowaona mimi walipendana sana, ila wote wawili walikuwa wakikanusha.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nimeizunguka vya kutosha.

Njia ya moto nilifyeka, fungu la kwanza nikalipata. Vuli nikapanda. Nilipanda mivule na mikongo, mistari imenyooka kama nimeipiga kwa uzi wa seremala, wake zangu wakibeba maji kutoka kijitoni mpaka utosi ukawaka. Kila aliyepita alisimama kuangalia. Kisha, mvua za vuli zimeshakatika, asubuhi moja nikaenda nikakuta nguruwe pori wamelima. Hawakula tu, walilima. Mstari baada ya mstari, kila penye mche pana shimo. Zilikuwa zimebaki siku tatu Bwana Miti aje ahesabu kwa ajili ya fungu la pili. Na tajiri wa mkonge alikuwa ametuma mtu kusema kwamba Ijumaa ya juma lilelile atakuja kuchukua jibu, na baada ya hapo hatakuja tena.

Bila fungu la pili sikuwa na cha kuwalipa vibarua wa kulinda moto. Bila walinzi, kiangazi kikija ni majivu juu ya majivu. Nilikaa nikafikiri, na nilichofikiri ni hiki: nikachukua panga, nikateremka bondeni kwenye ile mininga iliyosalia, nikakata matawi, yenye majani yake, nikayachomeka kila penye shimo la nguruwe. Kila kijiti kiliingia ardhini shibri moja, urefu wa kiganja kilichotanuliwa. Mistari ikarudi, imenyooka. Hata mimi nilipoitazama kwa mbali niliona fahari. Ilikuwa kazi nzuri sana, kama ungesahau kwamba ni uongo.

Akaja. Akahamisha komwe mfuko wa kulia, akaanza. "Yupo." Akainama, akagusa, akaenda. "Yupo. Yupo. Yupo." Nilimfuata nyuma kama bwana harusi. Shamba zima, hakuna marehemu hata mmoja. Nikamwashiria mke wangu mkubwa akamate kuku. Tulipofika kijiti cha mwisho Bwana Miti akakaa chini, akavua viatu, akakung'uta mchanga, akaniangalia mikono.

"Umechinja nini?"

Mninga ukiukata unatoa maji mekundu, mekundu kama damu ya mtu, yakikauka hayaondoki. Nilikuwa nimesugua kwa mchanga, nimesugua kwa ndimu. Chini ya kucha yalibaki, na kwenye upindo wa msuli yalibaki.

"Kuku," nikasema.

"Kuku ndiye yule anayekimbizwa," akasema.

Kweli, nyuma ya nyumba kuku alikuwa bado anapiga kelele zake. Bwana Miti akanyoosha mkono, akashika kijiti kwa vidole viwili, akakichomoa kama mtu anayetoa mwiba. Akakiangalia chini, akakiangalia juu.

Hapo nikalipuka. Aliyekosa ndiye aliyepandisha sauti, ndivyo nilivyokuwa. Nikamwambia yeye ni mbwa wa Wazungu, analipwa mshahara kuhesabu misiba ya wenziwe, hajui jasho, hajawahi kula unga wa mbao, mimi nilinunua kila shibri ya ardhi hii kwa mapafu yangu. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Niliendelea mpaka pumzi ikanikatika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umekosea."

"Najua nimekosea."

"Hujui," akasema. "Umekosea kina. Mninga hachomekwi shibri. Mninga anachomekwa dhiraa."

Sikuelewa. Akanieleza, kama anavyosoma karatasi barazani, polepole. Huko alikopita kazini aliona watu wakizungushia boma nguzo mbichi za mninga, na masika yakija boma linachipua. Lakini kijiti kiwe kinene kama kifundo cha mkono. Kiingie ardhini dhiraa nzima, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Majani yatolewe yote, maana mgonjwa habebeshwi mzigo. Na kichomekwe kabla ya mvua tu, si mapema, si baadaye. "Mvua za masika zimebakiza siku kumi na kitu," akasema. "Kwa mtu mwongo umechagua mti mzuri na wakati mzuri. Kina tu ndicho kimekuangusha."

Kisha akatoa karatasi akaandika mbele yangu, akanisomea: miche ya vuli, yote imeliwa na nguruwe. Vijiti vya mninga vimechomekwa, vitahesabiwa baada ya masika. Fungu la pili, hapana. Lile "hapana" aliliandika kwa herufi zilezile nzuri alizoandikia mengine. Baadaye akala kuku wangu, mapaja yote mawili, akauliza kama watoto wameshiba.

Akiwa anapangusa mdomo, akauliza magogo yaliyolala nayafanyia nini. Nikamwambia yameungua. Akatoa nyundo ya muhuri ya kupigia magogo, akapiga gogo la mvule mkubwa ganda likadondoka, na ndani mbao ni safi, rangi ya dhahabu. Moto ulikuwa umelamba ngozi tu. Akasema mwenye msitu ulioanguka anaruhusiwa kupasua na kuuza miti iliyolala bila kulipa ushuru, hilo limo katika karatasi, mstari wa mwisho, mimi sikuwahi kufika huko kwa sababu kila akisoma mara ya tatu nilikuwa nasinzia. Nikamwambia msumeno ninao, shimo nitachimba, lakini mwenzangu wa zamani amehamia Tanga. Mimi ni tajiri wa msitu sasa, nimezoea kusimama juu. Chini ataingia nani?

Alfajiri ya Alhamisi alikuja na shati bovu. Akasema ameomba siku zake za likizo, na katika siku zake haulizwi na mtu. Akateremka shimoni.

Ijumaa, kabla ya sala, tajiri wa mkonge akafika na kanzu yake safi. Alinikuta juu ya gogo, jasho linanitoka. Akaniuliza kwa upole wake kama nimefikiri. Nilitazama mashimo ya nguruwe, vijiti ambavyo nilikuwa nimeanza kuvichomeka upya dhiraa kwa dhiraa, visivyo na jani hata moja, vinafanana na makaburi ya watoto. Ndipo sauti ikatoka ardhini.

"Mwambie tuone shina."

Tajiri akaruka. Akachungulia shimoni, akaona macho mawili na meno katika unga wa mbao, basi. Akaniuliza nani huyo. Nikamwambia huyo ni Serikali. Nikacheka mpaka nikalazimika kushika msumeno nisianguke, na kicheko kilipotulia nikakuta jibu limeshapatikana, nikampa: siuzi. Alikwenda zake akijipangusa kanzu ambayo haikuwa na vumbi.

Siku nne alikaa shimoni. Mbao zile zikanilipia walinzi wa moto mwaka mzima. Ujira hakutaka, lakini siku ya mwisho alisema mtani alinyimwa tumbaku msibani na hajasahau, akachukua ubao mmoja mnene. Akauchonga akafanya bao la kuchezea. Lilikuwa bao zuri kuliko yote niliyowahi kuona, la mvule, mashimo laini kama yai kwa ndani, na akafungwa juu yake miaka yote iliyofuata.

Masika yalipokwisha akaja kuhesabu. Sikulala vizuri siku zile, nakiri. Nilikuwa nimeona vijiti vinavimba macho ya machipukizi, lakini niliogopa kusema, nisije nikaviharibia. Akainama kwenye cha kwanza. Kilikuwa na majani mawili, madogo, yana manyoya kama sikio la ndama. Akagusa. Kisha akanyanyuka, akasogea pembeni, akanisukuma mimi mbele.

"Yako hii," akasema. "Hesabu wewe."

Nikahesabu. Sauti yangu ilikuwa mbaya. Walikuwepo marehemu, tena wengi, na kwa kila mmoja alivua kofia. Lakini waliokuwepo walikuwa wengi zaidi, na mahali fulani katikati ya shamba nikasikia wake zangu nyuma yangu wanaitikia, yupo, yupo, kama wanavyoitikia maulidi. Mafungu yote mawili yaliyobaki niliyapata kwa pamoja. Mkonge wa tajiri upo mpaka leo, umekuja mpaka mpakani kwangu ukasimama.

Mwisho nilimwona miaka ya hamsini inakaribia kwisha, vijana wakizungumza uhuru kila kibaraza. Alikuwa amestaafu, macho yameingia ukungu, amekaa kwenye mkeka uani kwake, bao liko mbele yake. Mchanga mweupe, umefagiwa mistari. Niliambiwa anatembea kwa kupapasa ukuta, basi nikamletea bakora. Nilikuwa nimeikata asubuhi ileile, sikungoja ikauke, nilikuwa na haraka ya kumpa.

"Shikamoo, Bwana Miti."

"Marahaba. Sauti ya mtu wa chini hiyo," akasema. "Karibu, mchinja kuku."

Nikamtia bakora mikononi. Akaipapasa kutoka juu mpaka chini, akainusa.

"Mbichi huyu. Wa wapi?"

"Mstari wa kwanza. Kile cha majani mawili. Siku hizi siwezi kukizungushia mikono."

Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, na aliendelea kuisugua bakora kama mtu anayesugua mgongo wa mtoto. Ndipo mkewe akatoka ndani kunisalimia, akaona viganja vya mumewe.

"Ya Rabi, wewe. Umechinja nini?"

Bwana Miti akavielekeza viganja kwake, vyekundu.

"Kuku," akasema.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yule mama akatutazama kwa zamu, hajui kama atuulize au atumwagie maji. Bwana Miti akashika mkono wangu akasimama. Akahesabu hatua tatu kutoka mkekani, akaielekeza bakora chini, akaichomeka katika ule mchanga uliofagiwa. Shibri moja. Akaiachilia, akasimama kando kama mtoto aliyevunja kikombe.

Mkewe akauangalia ule mti. Nikawa nangoja neno lake la majani na la ufagio. Akaingia ndani, nikasikia anavuta vitu, akatoka na jembe la mkono, akanitupia miguuni.

"Shibri ataanguka," akasema. "Dhiraa. Miaka yote nimelala na hiyo dhiraa yake masikioni, nyinyi mnataka kuniharibia ua kwa shibri."

Nikavua kanzu, nikapiga magoti, nikachimba mpaka kiwiko kikazama. Bwana Miti alisimama juu akishika bakora wima, akiniambia kushoto kidogo, kulia kidogo, na hakuwa anaona kitu.